Mama Mukubwa Anajibu: Kadi ya mke, moyo wa mdogo wangu

*Mama Mukubwa alikaa miaka 24 nyuma ya dirisha la malipo la hospitali moja ya Lubumbashi, Kongo. Sasa amestaafu, anajibu barua zenu.*

Mama Mukubwa, jambo sana.

Mimi ni dereva wa lori, niko na kampuni ndogo inayobebea migodi mizigo upande wa Fungurume. Narudi Lubumbashi kila wiki ya tatu. Kwetu tuko watoto watano, mimi wa pili. Mdogo wetu wa mwisho ni msichana wa miaka 23, anauza mitumba soko la Kenya. Mwaka jana alianza kuvimba miguu na kukohoa usiku. Tulidhani ni mapafu. Munganga (daktari) alimfanyia ekografi, ile picha ya moyo, akasema valve moja, mlango wa ndani ya moyo, imeharibika, na ubaya huo ulianzia kwenye ugonjwa wa koo alioupata utotoni.

Alilazwa siku 11. Fakitire, ile bili, ikatoka dola 640. Tulikuwa na 300. Wakamshika siku 4 zaidi, mpaka nilipoacha karti yangu ya elekteri, ile ya kupigia kura, na kusaini deni. Na hizo siku 4 wakaziongeza kwenye fakitire!

Sasa kila mwezi ni dawa, sindano, kontroli kwa munganga. Karibu yote nalipa mimi. Yaya wetu mkubwa (ndugu wa kwanza kuzaliwa) anasema hana, wale wawili wanasema "tutaona." Rafiki yangu kazini ameniambia nimtume mdogo wangu hospitali ya kampuni na kadi ya matibabu ya mke wangu, maana umri wao unakaribiana, na wengi wanafanya hivyo. Baba mdogo naye anataka tuuze kiwanja cha marehemu baba kule Katuba tumpeleke India.

Na la kuniumiza zaidi: mke wangu amegundua kwamba siku za soko huyu mtoto hamezi vidonge. Nilipomuuliza alijibu, "Yaya, mi niko muzuri." Mama, nimekasirika. Mimi nakula vumbi barabarani kutafuta pesa, yeye anaacha dawa ndani ya mfuko. Nifanye nini?

*Dereva, Katuba*

Mwanangu,

Nitaanza na vidonge, kwa sababu hapo ndipo umekosea kusoma.

Hukuniandikia jina la dawa, lakini mtu aliyevimba miguu kwa sababu ya moyo mara nyingi hutoka hospitali na furosemidi, ile watu wanaita Lasix. Ni dawa ya kukojoza. Kazi yake ni kuondoa maji yaliyojaa mwilini ili moyo usibebe mzigo uliouzidi. Ukiimeza saa moja asubuhi, saa mbili imeanza kukuita, na itakuita tena na tena mpaka karibu mchana. Sasa niambie: umewahi kutafuta choo soko la Kenya saa tatu asubuhi? (Wasomaji wa mbali, Kenya hii ni komini yetu ya Lubumbashi, si nchi.) Unalipa, unapanga foleni, na nyuma yako balo ya mitumba iko wazi na hakuna anayeilinda. Mara moja, jirani wa meza atakuangalizia. Mara ya tano atakuchoka. Wewe ukibanwa unasimamisha lori kando ya barabara ya Likasi, kazi imekwisha. Yeye ni msichana, na yuko katikati ya watu.

Kwa hiyo usimuulize tena "kwa nini humezi?" Muulize, "Siku ya soko unajisaidia wapi?" Uone uso wake.

Halafu nendeni pamoja kwa munganga mumwambie hivyo hivyo, bila haya: huyu anauza sokoni mpaka saa nane, je, anaweza kumeza akirudi nyumbani? Mara nyingi jibu ni ndiyo, mradi isifike usiku ikamnyima usingizi. Lakini aamue munganga, si ninyi. Na akisahau siku moja, asimeze mbili kesho yake kufidia. Kama ana na digoksini, dawa nyingine ya moyo, hiyo haina habari na choo. Anaweza kuimeza asubuhi kama kawaida, na hapo kumeza mbili kwa mara moja kunaweza kumdhuru vibaya sana.

Choo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hilo neno "mi niko muzuri." Hilo nalijua, limeketi kwenye meza yangu miaka.

Mdogo wangu wa kiume naye alikuwa mgonjwa wa moyo. Mimi ndiye niliyekuwa na mshahara, nikajifanya jeshi la mtu mmoja. Kila stakabadhi niliitia kwenye kopo la Nido juu ya kabati, nikamficha asijue gharama, nikijiambia nalinda moyo wake. Siku moja alishusha lile kopo akitafuta sukari. Alikaa chini akajumlisha yote kwa kalamu ya mtoto, nyuma ya daftari la shule. Hakuniambia kitu. Kontroli iliyofuata hakwenda, akasema mvua. Ya pili akasema amepona. Tulipomrudisha hospitali alikuwa halali tena kitandani, analala amekaa, mito mitatu mgongoni. Hasira niliyokuwa nayo ndiyo hii hii yako: nalipa, yeye anatupa. Kumbe alikuwa anajaribu kunipunguzia.

Mdogo wako anasikia. Anasikia yaya mkubwa akisema hana, anasikia baba mdogo akitaja kiwanja, anaona sura ya mke wako. Kila kidonge anachokiacha anaona ameokoa franga. Mpe daftari la hesabu alishike yeye mwenyewe. Aandike kila kinachoingia na kinachotoka. Huyu ni mfanyabiashara, anajua hesabu kuliko wewe na mimi. Mtu akishika hesabu ya ugonjwa wake anaacha kuwa mzigo unaosemewa kwenye mlango wa jikoni. Anaona pia kwamba hospitali ya mwaka jana, siku 15 na dola zote zile, ni ghali kuliko vidonge vya miezi mingi.

Sasa kadi ya mke wako. Hapana.

Sikuambii hapana kwa sababu ya kampuni, ingawa wakikukamata kazi imekwenda na kadi imekwenda, na watoto wako nao wamebaki nje. Nakuambia hapana kwa sababu ya faili. Mimi nimeshika mafaili hayo. Ukimtibu mdogo wako kwa jina la mke wako, faili la mke wako litaandikwa valve mbovu, furosemidi, kundi la damu la mtu mwingine. Mwaka ujao mke wako anaingia kujifungua, anatoka damu nyingi, wanafungua faili… Huko nisikupeleke. Na kinyume chake: mdogo wako akizidiwa usiku, atapelekwa hospitali ya karibu kwa jina lake mwenyewe, na kwa jina lake hakuna ekografi, hakuna chochote. Huyo rafiki anayesema "wengi wanafanya" muulize kama amewahi kuona wanavyomaliza.

Najua inauma. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri kumtibu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wake. Ndugu hayumo. Zamani watoto wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, walizaliwa, wakatibiwa na kung'olewa meno kwa jina la baba. Halafu ikaja 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ile inayoitwa hiari, na nyumba nyingi za Katuba na Kenya zikajikuta zinajifunza upya neno "kulipa." Labda baba yenu alikuwamo. Hasira hiyo ni ya haki, ila usiimalizie ndani ya faili la mke wako.

Njoo kwenye hesabu. Watu wakisikia "ugonjwa wa moyo" wanaona mlima mmoja wa pesa, wanakimbia au wanauza nyumba. Nilichokiona dirishani ni fakitire mbili tofauti. Kuna ndogo ya kila mwezi, isiyokwisha, na kuna kubwa ya ghafla. Ile ndogo isipolipwa ndiyo inayozaa kubwa. Familia nyingi hukusanyika kwa kubwa, michango, simu kutoka Kolwezi, kilio, na ndogo inaachiwa mtu mmoja. Huyo mmoja ni wewe.

Sasa usiwaambie ndugu zako "kila mtu atoe anachoweza." Maneno hayo nimeyasikia mara elfu, na mwisho wake siku zote ni mlipaji mmoja. Wape kitu chenye jina. "Yaya, sindano ni yako." "Wewe, furosemidi." "Wewe, taksi-busi ya kwenda kontroli na karatasi ya kuonana na munganga." Mtu anayesema hana dola 50 mara nyingi hawezi kusema hana bei ya sindano moja, na mwezi akiikosa itajulikana ni sindano ya nani imekosekana. Wewe bakia na vipimo, ekografi hasa, kwa kuwa ni ghali na haiji kila mwezi. Na kama mdogo wako yuko kwenye likelemba, mchango wa kupeana pesa kwa zamu, pale sokoni, aombe zamu yake iangukie mwezi wa ekografi. Akina mama wa soko wanaelewa mambo haya upesi kuliko wanaume wa familia, nisamehe.

Hiyo sindano nimempa yaya mkubwa makusudi. Ugonjwa wa mdogo wako ulianza hivi: koo linauma, mtoto ana miaka saba au kumi, linapona lenyewe. Lakini mwili uliokuwa unapigana na mdudu wa koo unageuka kupiga viungo na moyo wake wenyewe. Kila koo jipya linaweza kuamsha vita ile na kula valve zaidi. Kwa hiyo anachomwa penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4, miaka mingi. Inauma tako siku mbili, na haimfanyi ajisikie nafuu yoyote, ndiyo maana watu huiacha ya kwanza. Nimeona familia ikiruka sindano hii, ambayo ndiyo ya bei ndogo, kisha ikalipia chupa mbili za seromu, yale maji ya dripu, "apate nguvu." Seromu! Mtu munganga anahangaika kumtoa maji, ninyi mnamlipia maji mengine. Msikubali seromu bila kuuliza ni ya nini.

Na watoto wako, kama wanalala nyumba moja na shangazi yao: koo likiwauma na homa, wapeleke kwenye kituo cha afya, usingoje lipone lenyewe.

Kuhusu deni la ile hospitali. Rudi pale, siku ya kazi, asubuhi, umevaa vizuri. Omba fakitire yenye mistari, si jumla. Kila mstari: kitanda siku ngapi, oksijeni saa ngapi, dawa gani, vipimo gani. Hizo siku 4 walizomshika kwa deni, uliza ziliandikwa kama matibabu gani. Uliza kwa sauti ya chini. Mimi niliyekuwa ndani ya kioo nakuambia: anayepiga kelele tulimwita askari, anayesoma mstari kwa mstari tulimwita mkubwa. Hospitali kubwa huwa na ofisi ya huduma za jamii. Mlango wake uko nyuma na hakuna atakayekuonyesha usipouliza. Saini mpango wa kulipa kidogo kidogo, na karti yako ya elekteri irudi mkononi mwako. Safari nyingine, mpango huo uombwe siku ya kuingia. Siku ya kutoka mtu ameshavaa viatu, hana nguvu ya kujadili.

Dukani vilevile: mwombe munganga aandike jina la dawa yenyewe, furosemidi, si jina la boksi la Ulaya tu. Dawa ni ileile, bei si ileile. Lakini nunueni kwenye famasi yenye mlango na friji, msinunue kwa wale wa sinia wanaopita na vidonge vimepigwa jua.

Sasa kiwanja. Nasema taratibu, kwa sababu ni cha marehemu na baba mdogo ana umri wangu.

Kabla ya kutaja India, tafuteni jibu la swali moja ambalo barua yako haina: hiyo valve imebana au inavuja? Kama imebana tu na haijaharibika sana, kuna uwezekano wa kuifungua bila kupasua kifua. Wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanapuliza kiputo kidogo, mlango unaachia. Kama inavuja sana, hapo ni kupasua, kuitengeneza au kuibadilisha. Hizi ni safari mbili, bei mbili, maisha mawili. Na pengine jibu ni kwamba bado, dawa zinatosha kwa sasa, turudie ekografi. Ukiuza kiwanja kwa hofu, wanunuzi wa Katuba watainusa hofu hiyo kutoka barabarani na kukupa nusu.

Tena India ni mbali. Ulizeni kwanza Lusaka, ambako kuna hospitali ya taifa ya moyo. Ni Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, basi moja au mawili, pasipoti na karti ya njano ya chanjo. Au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Watakicheka Kiswahili chetu, lakini munganga atamwelewa mgonjwa bila mkalimani, na hilo kwa mtu wa moyo si dogo. Tumeni ripoti ya ekografi mbele, mpate bei kwa maandishi, ndipo mkae na baba mdogo.

Na mkifika kwenye kubadilisha valve, mdogo wako awe ndani ya chumba mnapoamua. Valve ya chuma inadumu sana, lakini inamtaka ameze dawa ya kuzuia damu kuganda, kama Sintrom, kila siku ya maisha yake, na kupima damu mara kwa mara. Sombe (majani ya muhogo) ale, ila kwa kiasi kilekile wiki kwa wiki, kwa sababu mboga za majani ya kijani zinavutana na dawa hiyo. Na mimba kwa mwanamke mwenye valve hiyo ni hatari, kwake na kwa mtoto. Valve ya mnyama haimlazimishi dawa hiyo maisha yote, ila kwa kijana inachakaa, na siku itakuja apasuliwe tena. Ana miaka 23. Anaweza kuwa na mtu anayemfikiria, ambaye wewe humjui. Msiuze kiwanja kununua uamuzi ambao hakuulizwa.

Mke wako? Yeye ndiye aliyehesabu vidonge. Asiyejali hahesabu. Mshukuru, umwonyeshe daftari, na chumvi ya sufuria muigawe: bitoyo na makayabo, wale samaki wa chumvi, zisiwe chakula cha kila siku, na ile kubu ya kutia kwenye mchuzi ipungue. Bukari, ugali wetu, haina kosa.

Mama Mukubwa, salamu kutoka Likasi.

Mimi ndiye mgonjwa. Nina miaka 41, moyo wangu umepanuka, sina nguvu ya kazi niliyoizoea. Mdogo wangu wa kike ananitumia pesa ya dawa kila mwezi kwa simu. Septemba nilitumia pesa hiyo kulipa minerval (ada ya shule) ya mtoto, kwa kuwa walimfukuza darasani. Nilimwambia mdogo wangu kwamba dawa nimenunua. Wiki tatu sikumeza kitu. Sasa nimeanza tena, lakini nikiona namba yake kwenye simu, moyo unapiga vibaya kuliko ugonjwa.

*Baba wa watatu*

Baba wa watatu,

Wiki tatu bila dawa ni habari ya munganga wako kwanza. Mwambie tarehe, akusikilize kifua, akupime uzito. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache au ukaanza kuamka usiku kutafuta hewa, usingoje siku ya kontroli.

Kwa mdogo wako, umwambie wewe kabla mtoto hajalitaja shuleni au mke wako hajalitaja kanisani. Likasi ni ndogo. Naamini hatakasirikia minerval. Angekuwa ameulizwa, labda angetafuta, labda angekuambia shule ingoje wiki mbili. Uongo ndio uliomnyima nafasi ya kuchagua. Kuanzia mwezi huu omba vitu viwili kwa majina mawili: dawa ni hii, shule ni hii. Akisema shule hawezi, basi hawezi, na wewe utakwenda kumwona prefe, mkuu wa shule, kuomba muda kama wazazi wengine. Na pesa ya dawa ikifika, mpigie picha boksi ukimtumia. Picha hiyo haina upolisi ndani yake. Mtu anayetuma pesa mbali huwa anapenda kuona kilichonunuliwa.

Mpigie leo jioni. Uanze na Septemba, usianze na "habari ya watoto."